Kovu Lililotiwa Usaha

Usaha mzuri haupatikani kirahisi. Ukizidisha rangi ya njano unakuwa kama ute wa yai. Ukizidisha maji unatiririka hadi kwenye kola ya mwigizaji kabla hajatamka neno la pili. Fundi Sura aliupika wake kwa wanga, akautia asali kidogo ung'ae, kisha tone moja la kijani, maana kijani ndicho kinachomfanya mtu asukume sahani yake. Alikuwa na miaka kumi na tano katika kazi ya kuwabandika waigizaji nyuso zisizo zao, na bado kila alipokoroga usaha tumbo lilimpanda.

Wenzake walikuwa hawaishi kumcheka kwa hilo. Mwanamke ambaye akikuta unywele kwenye sabuni anaahirisha kuoga, eti anapata riziki yake kwa majipu. Kicheko, mwigizaji mnene ambaye jina hilo alilipata kwa haki kabisa, alisema Fundi ni kama mchinjaji anayezimia akiona damu, na kwamba siku atakayostaafu watamzawadia pipa la kutapikia lenye utepe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukumbi wa maonyesho, kimebanwa kati ya choo cha wanaume na stoo ya viti vibovu. Kulikuwa na meza, kiti cha kinyozi kilichopasuka ngozi, na kioo chenye balbu sita ambazo mbili ziliungua zamani. Harufu ilikuwa ya mpira mbichi, spiriti na jasho. Hilo jasho ndilo lililomshinda. Kipande cha uso kikishakaa saa mbili juu ya ngozi ya mtu, ukikibandua kinatoka na joto lake, na ndani yake mna majimaji meupe yanayonuka kama kiatu kilicholowa mvua. Ilimbidi akipokee kwa mkono mtupu, kwa sababu glavu huvuta kingo. Alikipokea, akamuuliza mwigizaji habari za watoto, akatabasamu, na muda wote huo alikuwa anameza mate.

Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, maana mikono yake haikuwa na kinyaa. Mikono ilikuwa na akili yake. Yeye alichukia, yenyewe ilifanya kazi.

Mwaka ule alikuja mwongozaji mpya na mchezo kuhusu zimwi lililoishi shimoni. Fundi alimtengenezea uso wenye pembe na meno, akakataa. Akamtengenezea wenye pua ya nguruwe, akakataa. Akamtengenezea wenye jicho moja katikati ya kipaji, akauweka juu ya meza kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayerudisha embe lililooza.

"Hizi zinatisha, Fundi," alisema. "Watoto watapiga kelele, halafu watazoea, halafu wataomba kupiga nazo picha. Mimi sitaki kutisha. Nataka kuchukiza. Mtu akiliona zimwi langu, alichokula mchana kimrudi kooni."

Fundi alirudi chumbani na hasira zake. Mbele yake kilikuwapo kichwa cha Kicheko kilichotengenezwa kwa jasi, na juu ya kichwa hicho alianza kubandika udongo. Ndivyo kazi inavyoanza: sura hufinyangwa kwa udongo, udongo humwagiwa jasi, jasi ikikauka inakuwa kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa mpira. Kila onyesho lina kipande chake kipya, kwa kuwa kingo huchanika wakati wa kubandua. Kalibu ni mama. Vipande ni watoto wa siku moja.

Alifinyanga mchana kutwa bila kufikiria anachofinyanga. Alikuwa akimjibu mwongozaji kichwani, yale majibu makali ambayo huja mtu akishafika nyumbani. Alipoinua macho, shavu la kushoto lilikuwa limekwisha. Tuta lilishuka kutoka pembe ya jicho hadi chini ya taya, likavuta kona ya mdomo. Sikio halikuwa na ndewe. Nyuma yake vilikaa vifundo vitatu vidogo vilivyopangana kama mbegu.

Mwongozaji alipoliona alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakiondoa kiganja, na midomo yake ilikuwa imelowa mate.

"Hii," alisema. "Hii hii. Hapa weka usaha. Na hapa. Huu wa taya uwe unatiririka akisema." Akalipitisha gumba lake juu ya tuta, polepole, mara mbili.

Fundi akaweka usaha. Na sifa alizopewa siku ile zilimfurahisha. Alirudi nyumbani akiimba. Baadaye, kati ya yote yaliyomchefua katika jambo hili, wimbo ule ndio uliomchefua zaidi.

Alitambua siku ya kupiga picha za bango. Kicheko alikuwa kitini, kipande kimeshakaa, na iliyobaki ilikuwa kazi ya kingo. Kingo hazilainishwi kwa brashi peke yake. Unatia mafuta kwenye ncha za vidole na kuzifuta zizame kwenye ngozi ya mtu, mpaka jicho lisijue mpira umeishia wapi. Vidole vyake vikaanzia kwenye pembe ya jicho, vikashuka na tuta, vikapinda chini ya sikio, vikahesabu kifundo cha kwanza, cha pili, cha tatu, vikasimama shingoni mahali palipokuwa laini. Vilisimama vyenyewe. Vilikuwa vimewahi kupita njia ile, vikiwa na mafuta vilevile, mamia ya jioni.

Akauondoa mkono.

"Vipi?" Kicheko aliuliza, midomo haichezi. "Nimeota ndevu huku nje?"

Kwenye uso ule Fundi alikuwa anamtazama dada yake.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na minne, yeye sita, siku mpini wa kikaango ulipochomoka na mafuta ya moto yakamrukia Dada usoni. Mama yao alifanya usafi hotelini na alirudi jioni amechoka kama jembe la kuazima, kwa hiyo kazi ya kulipaka kovu ilimwangukia mtoto mdogo. Kila siku baada ya shule Dada alikaa sakafuni, akainamisha shingo, na mdogo wake akachovya vidole kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Ngozi ile ilikuwa ngumu mahali pengine na pengine telezi, mwanzoni ikiwa bado mbichi, na ilinuka. Mtoto alibana pumzi. Siku moja alishindwa, akamtapikia Dada mapajani. Dada alifuta, akafua kanga, na mama aliporudi akauliza kulikoni, Dada akasema yeye ndiye aliyetapika, chakula cha jana kilikuwa kimechacha.

Hilo halikuzungumzwa tena. Dada alikua, akawa fundi cherehani, akapata wateja waliompenda. Lakini kwenye mikusanyiko hakuenda. Harusi ikiwapo, alishona magauni yote, yeye akabaki nyumbani. Alisema watu wakikutazama usoni muda mrefu unaanza kuwashwa, na yeye kuwashwa alishamaliza utotoni.

Na sasa, wiki moja baada ya picha, Dada akapiga simu. Alikuwa amepata kadi ya kiti cha mbele ambayo Fundi alimpelekea kwa mazoea, kama alivyompelekea kila mwaka, akijua hatakuja. Safari hii alisema anakuja. Jumamosi, onyesho la saa tisa mchana. Alikuwa ameshashona gauni kabisa, la zambarau. "Nimekaa kwenye hii cherehani vya kutosha," alisema. "Nataka nione mdogo wangu anafanya nini huko na mikono yake."

Fundi akakata simu, akaenda kuosha vidole. Aliviosha mara tatu.

Kwa mwongozaji alikwenda na heshima zote. Alimweleza kwamba kuna mtu, wa familia, na kovu hilo ni la kwake, na kwamba anaweza kumtengenezea uso mwingine kabla ya Jumamosi. Hakutaja kwamba ni dada yake. Mwongozaji alisikiliza akiwa anamenya yai la kuchemsha, akichimba maganda kwa ukucha mrefu wa kidole kidogo. Alisema mabango yameshabandikwa mji mzima. Kisha macho yake yakachangamka.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Mlete, basi. Tumpige picha. Wewe hujui tu, kitu halisi kina nguvu yake." Akalitia yai lote mdomoni.

Fundi alitoka hadi nyuma ya stoo ya viti, akainama, lakini hakuna kilichotoka. Kilichokuwa kikimgeuza hakikuwa tumboni. Yule bwana alikuwa mchafu, ndiyo, lakini usaha ule hakuutia yeye kwa mkono wake. Na mkono ulioutia haukutetemeka hata kidogo.

Ijumaa mchana alikwenda kwa Dada kumzuia asije. Alijitungia uongo njiani, akaupanga vizuri. Dada alikuwa kwenye cherehani, aliyoiweka ubavuni mwa mlango ili mteja akiingia aanze kuuona upande wa kulia wa uso wake.

"Karibu, mdogo wangu. Toa hivyo vitambaa hapo ukae. Umekonda, au ni hilo gauni? Kama ni gauni, aliyelishona mshitaki."

Fundi alikaa, akaumwaga uongo wake wote: ukumbi una joto, viti vya mbele vina kunguni, mchezo wenyewe haujakaa sawa, bora aje mwezi ujao. Dada alishona mshono wake hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Bango wamelibandika kwa muuza dawa," alisema. "Tangu Jumatatu."

Fundi akaanza kukunja pindo la gauni lake.

"Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama natafuta dawa ya nini." Akageuza kiti, sasa uso wote ukawa mbele yake. "Umenikumbuka vizuri. Hata hivi vifundo vya nyuma. Mimi mwenyewe nilivisahau, huku nyuma sijioni."

"Dada, sikukusudia. Nilikuwa na hasira, mikono ikaenda yenyewe."

"Najua. Ungekusudia ungeniuliza." Aliokota kipande cha uzi gotini, akakivingirisha. "Nina swali moja tu. Langu lilipona. Miaka thelathini na miwili limekauka, hata jasho halitoi. Wewe ndiye uliyelipaka mafuta mpaka likapona. Sasa huo usaha umeutoa wapi?"

Angeweza kumtaja mwongozaji, na asingekuwa ameongopa. Neno hilo lilifika hadi ulimini. Lakini mbele ya shavu lile, kavu, lililotulia, lenye poda kidogo ya asubuhi, alijiona mdogo mno kulitema.

"Nilikuwa naona kinyaa," alisema. "Tangu utotoni. Kila siku."

"Ulikuwa unabana pumzi. Nilikuwa nakuhesabia. Siku moja ulifika arobaini, nikasema leo mtoto huyu atakufa, nitamwambia nini mama." Dada alicheka kidogo, kona moja ya mdomo ikapanda na nyingine ikabaki. "Miaka sita! Ulitaka uone waridi? Hata mimi nilikuwa naona kinyaa. Kinyaa si dhambi. Lakini wewe ulipaka. Hilo ndilo nimekaa nalo miaka yote hii. Sasa juzi pale kwa muuza dawa nikajiuliza, kumbe mwenzangu amekaa na lingine?"

Fundi alilia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, na kamasi zikamtoka, akazifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Dada alimwangalia akifanya hivyo, akasema kitambaa hicho kina mwenyewe.

Kisha akasema lililobaki, bila kupandisha sauti. Kesho atakuja. Hawezi kufungiwa ndani na karatasi ya ukutani. Angekuwa mtu wa hivyo asingetoka tangu ana miaka kumi na minne. Ila mdogo wake ajue atakavyokaa pale.

"Watanitazama mimi, watatazama jukwaani, watanitazama tena. Hapo macho yangu niyapeleke wapi, sijui. Kazi ni yako. Mimi sikuamulii."

Jumamosi Fundi alifika ukumbini wakati mfagiaji bado anamwagia maji ngazi. Katika droo vilikuwamo vipande vitatu, vimepakwa poda visigandane. Alivikata kwa mkasi. Mpira ulikataa kwanza, ukavutika, kisha ukaachia ghafla kama nyama yenye mshipa, na akili yake ikamwambia anamkata nani. Aliendelea. Kalibu aliifunga kwenye taulo, akaazima nyundo ya seremala wa jukwaa, akaipiga. Alipofunua taulo, shavu lilikuwa limebaki zima kwenye kigae kimoja, limejaa vumbi jeupe. Akalipiga tena peke yake, mpaka likawa unga.

Kicheko aliingia akakuta vipande.

"Zimwi limefariki?"

"Limefariki."

"Poleni, wafiwa." Alikaa kitini, kiti kikalia. Alitazama ule unga, akamtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakucheka. "Sasa mimi namwigiza nani?"

"Funga macho," Fundi alimwambia. "Na usinichekeshe."

Bila kalibu kuna njia moja tu, ya kizamani na ya tabu: kujenga sura moja kwa moja juu ya ngozi. Pamba, karatasi laini, mpira ambao bado ni majimaji, pepea ukauke, safu nyingine. Saa tatu za kazi, na haina kurudia. Alianza na pua. Hakutaka jeraha, wala ugonjwa, wala uzee, wala kitu chochote ambacho mtu anaweza kuamka nacho asubuhi. Kila alipomaliza sehemu alijiuliza: hii ni ya nani? Mdomo ulianza kuvutwa kushoto, akaung'oa. Akaujenga upya, ukavutwa kushoto tena. Mikono ilikuwa inarudi nyumbani. Akaung'oa pamoja na nywele kadhaa za sharubu za Kicheko, ambaye aliapa kimyakimya kwa mama yake.

Mara ya tatu alifikiria jiwe. Shimo lenye unyevu, jiwe limelala humo miaka, ukiligeuza upande wa chini. Ukoga. Ute wa konokono. Vile vidudu vyeupe visivyo na macho vinavyojikunja vikipigwa na mwanga. Alichemsha majani ya chai, akayabandika makapi yake yakiwa mabichi. Alipika ute, wa kijivu, akaudondosha kwenye mianya. Macho akayaacha yawe mashimo mawili yaliyofichwa chini ya ukungu wa pamba iliyopakwa ionekane imeoza. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili na mwili wote ukamsisimka, kinywa kikajaa maji. Kilikuwa kitu kichafu kabisa, na hakuna binadamu ambaye angekitazama akasema: huyu namjua.

Mwongozaji aliingia zimebaki dakika kumi. Alisimama mlangoni.

"Sura yangu iko wapi?"

"Haikuwa yako."

Aliona taulo. Alichuchumaa, akakoroga ule unga kwa ukucha wake mrefu, akitafuta, kama mtu aliyeangusha jino. Alisema maneno mengi, kwa sauti ya chini kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshajaa: kwamba watu waliingia kwa ajili ya bango, kwamba amemharibia, kwamba pazia likifungwa achukue brashi zake na asionekane tena. Fundi hakubisha. Alikuwa anautazama ule ukucha wenye vumbi la shavu la dada yake, na alijua angeondoka hata bila kufukuzwa.

Kicheko alipelekwa jukwaani kwa kushikwa mkono, maana haoni.

Pembeni mwa jukwaa pazia lilikuwa na mpasuko. Fundi aliweka jicho. Dada alikuwa kiti cha mbele, gauni la zambarau, mabega yamenyooka. Ilikuwa kama alivyosema. Waliokuwa nyuma walishaliona bango, na sasa walikuwa wananong'onezana, wanamnyooshea kidevu. Mwanamke aliyekaa kushoto kwake alikuwa amempakata mtoto wa kike. Akamhamisha kutoka goti hili hadi lile la mbali. Dada alitazama mbele, pazia tupu, kama anayesoma maandishi madogo.

Kisha pazia kuu likafunguliwa, na zimwi likatoka shimoni.

Halikutoka kwa kelele. Kicheko alijua kazi yake: alitoka taratibu, akigusa ardhi kwa viganja, na ute ukamtangulia sakafuni. Halafu ikapita sauti moja, ndefu, ya watu mia tatu wanaovuta miguu yao chini ya viti. Mwanamume mmoja alisema Mungu wangu. Mtoto wa kike aliruka kutoka goti la mama yake akaangukia upande uliokuwa karibu, na upande uliokuwa karibu ulikuwa wa Dada; akachimba uso wake kwenye gauni la zambarau, na mama mtu hakumvuta, kwa kuwa naye alikuwa amejiziba macho.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Dada.

Dada alimfunika mtoto masikio. Alikuwa amekunja pua, amerudisha kichwa nyuma, na mdomo wake umepinda kwa karaha, pande zote mbili, hata ule usiopinda kirahisi. Ute ulidondoka kutoka kwenye kidevu cha zimwi. "Hiii," alisema, Fundi alimwona akisema, na mtoto akauliza kitu, na Dada akainama akamjibu bila kuyatoa macho jukwaani.

Fundi aliachia pazia. Zilibaki dakika arobaini mchezo uishe, na kuibandua sura ile kwenye ngozi ya mtu kungechukua saa nzima ya mafuta na uvumilivu. Huwezi kumwachia mwenzako kitu kama kile usoni eti kwa sababu umefukuzwa kazi. Alirudi chumbani, akajaza beseni maji ya moto, akaanza kupanga pamba.